Nauli, Chakula na Kiti cha Mwalimu

Ukitoka Huruma asubuhi kwa miguu, ukaifuata Barabara ya Juja mpaka Pangani, kisha ukateremka Ngara na kuvuka Mto Nairobi, utafika kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi jua lingali la upole. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye mvivu. Mimi nimezaliwa na kulelewa Huruma, na njia hiyo naijua vema, kwani nimeipita siku nyingi ambazo mfukoni hamkuwa na nauli ya matatu. Lakini habari ninayotaka kukusimulia, ewe msomaji, ni ya njia nyingine iendayo mahali pale pale, nayo ni njia ya fedha. Nataka ujue jinsi fedha zilizotolewa bure kwa kusudi maalumu, ambazo kwa jina la ofisini huitwa ruzuku, zilivyowaingiza vijana wa nchi hii katika elimu ya juu, zilivyowasaidia wasirudi njiani, na zilivyowapatia walimu wa kuwafundisha. Mambo hayo ni matatu, na watu aghalabu hulikumbuka la kwanza tu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, katika nyumba yetu ya ghorofa palikuwa na kijana aliyekaa chumba cha chini ya chetu pamoja na mama yake, muuza githeri. Alifaulu mtihani wa kidato cha nne akaitwa chuo kikuu, nacho chuo hicho sikitaji jina. Majirani walifanya harambee ngazini, maana hapakuwa na mahali pengine pa kukusanyika. Fundi viatu alitoa shilingi hamsini, na mama muuza makaa, ambaye hakuwa na fedha, alitoa sanduku lake la bati. Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka kituo cha matatu kama bwana arusi. Mwaka wa tatu alirudi. Mkopo wake ulikuwa umechelewa. Alikuwa akilala sakafuni katika chumba cha rafiki na kula mara moja kwa siku. Na ilipofika siku ya mtihani akaambiwa asiingie, kwa sababu ya deni la ada lisilofika hata bei ya ng'ombe mmoja. Watu wa mtaa walisema, "Kitabu kimemshinda." Kitabu hakikumshinda.

Muweke kijana huyo moyoni, nasi turudi nyuma miaka mingi, zamani ambapo mtaa wa Huruma tuujuao ulikuwa haujajengwa.

Mwaka 1947 ulifanywa mpango wa kujenga chuo cha ufundi na biashara mjini Nairobi. Septemba 1951 chuo kilipata hati ya kifalme, na Aprili 1952 jiwe la msingi likawekwa. Wakati huo huo Wahindi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakichanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, aliyeuawa mwaka 1948. Ili kazi moja isifanywe mara mbili, mwaka 1954 mipango hiyo miwili iliunganishwa, na Aprili 1956 wanafunzi wa kwanza wakaingia katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme. Basi hata kabla ya mwanafunzi mmoja kufungua daftari, chuo chetu kilikuwa kimekwisha kula fedha za serikali na michango ya wafanya biashara. Fedha za kujenga ndizo rahisi kupatikana, kwa kuwa mtoaji huona alichokitoa, na pengine huandikwa jina lake ukutani. Jina la Gandhi lingali katika jengo mojawapo la chuo hicho hata leo.

Walakini chuo kile hakikuwa bado chuo kikuu. Mtu aliyetaka shahada alikwenda Makerere, karibu na Kampala, palipoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922 na kufanywa chuo kikuu kishiriki cha London mwaka 1949. Nchi zote za Afrika ya Mashariki zilitazamia mlango huo mmoja. Walioweza kwenda Uingereza au Bara Hindi walikuwa wachache. Wengi waliofaulu shuleni walibaki nje, si kwa upungufu wa akili, ila kwa upungufu wa viti.

Hapo ndipo anapoingia Tom Mboya. Yafaa ukumbuke kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akapata ufadhili wa kusoma Oxford, katika Chuo cha Ruskin, mwaka 1955 na 1956. Aliijua tofauti ambayo mwaka mmoja wa kusoma huweza kufanya katika maisha ya mtu. Mwaka 1957 alichaguliwa na watu wa Nairobi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959 alizunguka Marekani majuma kadha akihutubia, na kila alipokwenda aliviomba vyuo viwape vijana wa Kenya nafasi za kusoma bure. Vyuo vingi vikakubali. Ikabaki shida moja, nauli. Nafasi ya bure iliyoko ng'ambo ya bahari ni kama embe lililo juu ya mti usiopandika.

Mboya na rafiki yake wa Kimarekani William Scheinman, mfanya biashara, wakasaidiwa na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walianzisha chama cha kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Wakuu wa kikoloni hawakupendezwa. Walisema kwamba vyuo vingi vya Marekani ni hafifu na kwamba vijana watapotea huko.

Mwaka uliofuata walioitwa walikuwa wengi zaidi, na fedha za ndege zilikuwa hazipo. Serikali ya Marekani ilikataa kusaidia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port kuonana na Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Walipopata habari hizo, wafuasi wa Richard Nixon, mshindani wake, nao wakafanya haraka kutafuta fedha za serikali. Nakuambia haya kwa kusudi. Usidhani kwamba ruzuku hutoka mbinguni. Kennedy alihitaji kura za Wamarekani weusi, na Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi kwa kupata marafiki katika Afrika. Mwaka huo huo wa 1960 Urusi ilifungua chuo kikuu mjini Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na Oginga Odinga kwa upande wake akawa anawapeleka vijana wa Kenya katika nchi za huko. Kijana wa Kenya alifaidika kwa ugomvi wa fahali wawili, jambo ambalo si la kila siku, maana kwa kawaida tunaambiwa ni nyasi zinazoumia.

Kati ya mwaka 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika ya Mashariki walisafirishwa kwa mpango huo. (Watu wengi husema kwamba baba yake Barack Obama alikuwa katika ndege ya kwanza. Sivyo. Alikwenda Hawaii mwaka huo wa 1959, lakini si kwa ndege ile.)

Sasa tazama jambo ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Nafasi ya bure ilikuwa ya ada, na ndege ilikuwa ya safari. Chakula je? Koti la baridi je? Likizo, ambapo mabweni hufungwa na wenzako kwenda makwao, utalala wapi? Huku Kenya wazazi waliuza ng'ombe, na vijiji vikafanya karamu za chai na ngoma za kuchangisha fedha za mfukoni, kama majirani zetu walivyofanya ngazini miaka arobaini baadaye. Fedha hizo hazikutosha miaka minne. Kwa hiyo chama kile kiliweka ofisi New York, na Cora Weiss, mkurugenzi wake, akawa mtu wa kuandikiwa na kupigiwa simu mambo yalipoharibika. Wanafunzi wengi walifanya kazi za jikoni na za kufagia huku wakisoma, na jamaa za Kimarekani ziliwakaribisha wengine majumbani mwao. Ofisi ya namna hiyo haipigwi picha kama ndege ipigwavyo. Lakini ningeulizwa mimi ni nini kilichowaleta vijana wale nyumbani na shahada, ningetaja ofisi kabla ya ndege.

Tumefika sasa kwenye jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike insha hii, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha walimu.

Juni 1961 chuo cha Nairobi kilifanywa chuo kikuu kishiriki, kikaanza kufundishia shahada za London. Oktoba mwaka ule chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria. Tarehe 28 Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na Mwalimu Julius Nyerere akawa mkuu wake wa heshima. Bendera za uhuru zilikuwa zikipandishwa kila upande. Lakini ukiingia katika vyumba vya kufundishia ungeona kwamba walio madawatini ni Waafrika, na aliye mbele, karibu kila mara, ni mgeni. Nchi huweza kupata serikali yake kwa usiku mmoja. Haiwezi kupata mwalimu wa chuo kikuu kwa usiku mmoja, maana mtu huyo hutaka shahada ya kwanza, na ya pili, na ya udaktari, na miaka kumi hupita hivyo.

Hapa ndipo Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulipofanya kazi ambayo wachache huikumbuka. Katika miaka ya 1960 wakfu huo ulichagua vyuo vikuu vichache vya nchi changa, na kati yake vilikuwamo Ibadan katika Nigeria, Chuo Kikuu cha Valle katika Kolombia, na Chuo Kikuu chetu cha Afrika ya Mashariki. Haukutoa fedha za majengo hasa. Ulitoa fedha za kununua wakati wa watu. Kijana wa hapa mwenye shahada nzuri alilipiwa aende ng'ambo kusomea udaktari. Wakati yuko huko, mwalimu mgeni aliletwa kwa fedha za wakfu ashike kazi, ili masomo yasisimame. Yule kijana akirudi, mgeni hufunga mizigo yake, na mwenyeji huketi. Fikiri jinsi mpango huo ulivyo mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda! Ni mgeni gani apendaye kuajiriwa ili aondoke? Na ni mtoaji gani apendaye kungoja miaka saba aone faida?

Uzito wa kiti kinachokungojea utauona katika maisha ya Wangari Maathai. Alisafiri Septemba 1960 katika mpango ule wa Mboya, akasoma elimu ya viumbe katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas, akapata shahada yake mwaka 1964, kisha akasoma shahada ya pili Pittsburgh. Alirudi Nairobi Januari 1966 akiwa na barua ya chuo kikuu iliyomwahidi kazi ya usaidizi wa utafiti. Alipofika aliambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke. Tazama hasara iliyokaribia: ndege imelipwa, chuo cha Kansas kimelipa, watawa wamefundisha miaka minne, naye msomi amesimama nje ya mlango na barua mkononi.

Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akijenga idara ya elimu ya miili ya wanyama katika kitivo cha utabibu wa mifugo. Alimpa kazi, na hakukomea hapo. Alimhimiza asomee udaktari, na kwa ufadhili wa Ujerumani Wangari alikwenda kusoma Giessen na Munich kuanzia mwaka 1967, kisha akarudi kufundisha na kumaliza utafiti wake Nairobi. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara ile ile. Mgeni alikuwa amefundisha, mwenyeji akakalia kiti. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 unaijua. Mimi nakuomba uikumbuke na barua ile ya mwaka 1966.

Je, yapasa mtu kujali mwalimu ametoka wapi? Hesabu ni hesabu, utasema, akiifundisha Mwingereza au Mluo. Huenda. Lakini Oktoba 1968 walimu watatu wa chuo cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake pawekwe idara ambayo itaanza na fasihi ya Afrika, ya vitabu na ya mdomo, kisha ndipo iende kwa wengine. Waraka huo ulibadili masomo ya Nairobi na ukasomwa hata nje ya bara letu. Usingeweza kuandikwa na mtu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Nao wafadhili hawakuuagiza. Wakfu wa Marekani ulipendelea uchumi, kilimo, utabibu na elimu ya mambo ya jamii; Taasisi ya Masomo ya Maendeleo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965 ilikua kwa misaada ya namna hiyo. Mwenye fedha huchagua shamba la kulimwa, nasi tusijifiche jambo hilo. Tena wako wanaodai kwamba kwa kuwapeleka wasomi wetu wote katika vyuo vya Magharibi, wafadhili walitupa walimu weusi wenye vitabu vya wazungu. Sikubali kabisa, lakini siwezi kuwapuuza.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilivunjwa kikawa vyuo vikuu vitatu, na Nairobi ikawa na chuo kikuu chake. Kwa miaka michache mwanafunzi wa Kenya alilipiwa kila kitu na serikali. Mwaka 1974 mikopo ikaanza. Mwaka 1991 wanafunzi wakaanza kutozwa ada, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo hata sasa ndiyo kimbilio la watoto wa maskini. Katika miaka hiyo walimu wengi walioandaliwa kwa gharama kubwa walihama, wengine kwa kukimbia kifungo cha siasa, wengine kwa kukimbia mshahara mdogo. Fedha iliyomnunulia mtu miaka kumi ya kusoma haiwezi kumzuia asiondoke.

Mpango wa siku hizi unaofanana na ule wa zamani ni umoja wa vyuo vikuu vya Afrika uitwao CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008. Unaongozwa na kituo cha utafiti kilichoko Nairobi, APHRC, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika ya Kusini, na vyuo vikuu vya Nairobi na Moi ni wanachama. Fedha zimetoka kwa wakfu kama Carnegie na Wellcome na kwa serikali ya Uswidi. Walimu vijana wa vyuo hivyo husaidiwa kupata udaktari bila kuhama bara: hujiandikisha katika vyuo vya Afrika, hukutana mara kwa mara kwa masomo ya pamoja, kisha hurudi kwenye kazi zao. Waanzilishi wake waliona kwamba aliyesomeshwa mbali mara nyingi hubaki mbali. Kituo hicho cha APHRC, kwa njia, ndicho ambacho tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kimekuwa kikihesabu watu, vizazi na vifo katika vijiji vya Korogocho na Viwandani. Na Korogocho si mbali na Huruma.

Yule kijana wa sanduku la bati sasa ni mtu mzima. Hutengeneza redio na simu karibu na Kiamaiko, na mkono wake ni mwema. Binti yake yuko kidato cha tatu, naye ndiye aliyeniuliza siku moja nilipokwenda kumwamkia mama, "Mwalimu, nikiitwa chuo kikuu, nitaweza kumaliza, au nitarudi kama baba?" Babaye alikuwepo, akainamisha kichwa kwenye redio yake.

Sikumjibu kwa maneno matupu. Tulitwaa karatasi sisi watatu, tukaandika upande mmoja: ada, kitanda, chakula, nauli, vitabu; na upande wa pili tukaandika ni nani atakayelipa, na lini. Baba ndiye aliyetuambia tuongeze hilo neno "lini". Penye ada tuliandika Bodi ya Mikopo. Penye vitabu tuliandika maktaba. Penye kitanda tulibishana kwa muda. Penye chakula hatujaandika kitu bado, na karatasi iko kwake, imebandikwa ukutani juu ya meza ya kazi.